Mtoto Asitumwe Muguka

Saa kumi jioni, upande wa Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi, mvulana wa miaka kama tisa alikuwa akitoka shule, daftari zake amezitia ndani ya mfuko wa gunia. Alipofika penye mwembe akaitwa. Chini ya mwembe walikuwa wameketi wanaume watano, na mmoja wao alimnyooshea noti ya shilingi 50. "Hebu mwanangu, nikimbilie pale kwa muguka. Mwambie ni yangu." Mtoto akaweka mfuko chini, akatimka peku. Aliporudi alikuwa ameshika kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo, ndani yake majani machanga yenye unyevu, mengine ya kijani, mengine yameiva wekundu nchani. Njiani alilegeza fundo, akachomoa jani moja, akalitia mdomoni. Alitafuna mara mbili, uso ukamkunjamana kwa ukakasi, akatema. Kisha akalifunga fundo kama lilivyokuwa na kukifikisha kifuko kwa mikono miwili, kwa adabu aliyofunzwa. "Ahsante mwanangu, Mungu akukuze," akaambiwa.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikisubiri bodaboda. Lile jani moja niliona mimi peke yangu. Wale watu wazima watano waliokaa hatua chache kutoka kwake hawakuona kitu, na si kwamba ni watu wabaya. Wawili kati yao nawajua: ni baba wanaolima, wanaozika majirani zao, wanaotoa mchango harambee ya shule inapoitishwa. Mtoto yule wasingemwacha apigwe na mgeni wala avuke mto uliofurika. Lakini walimtuma.

Kutumwa ni sehemu ya malezi kijijini, na mimi nimelelewa hivyo. Mtoto anayetumika haraka, anayerudisha chenji bila kupungua na kufikisha salamu bila kuongeza neno, ndiye mtoto anayesifiwa. Tena hatumwi na wazazi wake tu. Mtu mzima yeyote aliye rika la baba yake ana haki ya kumwita na kumtuma, na akikataa, habari itafika nyumbani kabla yake. Nilitumwa chumvi, kiberiti, mafuta ya taa. Nilitumwa kuita mkunga usiku. Na nilitumwa mnazi pia, sitaficha. Babu yangu alikuwa mgema. Alipanda minazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni na kibuyu mgongoni, na ilikuwa kazi yangu kupeleka tembo kwa wazee wenzake. Nilionja nikiwa mdogo kuliko mvulana yule wa mwembeni.

Kwa hiyo sianzi na hadithi ya zamani safi iliyoharibiwa na vijana wa leo. Mnazi umevunja nyumba nyingi Kaloleni na Rabai, na nazijua mangwe, vilabu vya mnazi, ambamo mwanamume aliingia na pesa za korosho za msimu mzima akatoka mikono mitupu. Ila kileo kile kilikuwa na mipaka ambayo mtoto aliiona kwa macho. Kilinuka. Mlevi alijulikana kwa mwendo wake. Kilikuwa na mahali pake, mangweni, na kilikuwa na shughuli zake: kadzama ya mnazi ya kuposa, tone la kumwagia wahenga, kikao cha wazee cha kusuluhisha ugomvi wa shamba. Kijana asiyeoa hakujiketisha na wazee akashika mrija. Mtoto alijua, hata bila kuelezwa, kwamba hapa pana jambo la watu wazima na kwamba zamu yake haijafika.

Muguka haukuja na mipaka hiyo. Asili yake ni mmea uleule wa miraa, ila huu huliwa jani na kilele chake kichanga badala ya gome la kitawi, na hulimwa hasa Mbeere katika Kaunti ya Embu, nchi kavu ambako mahindi hukauka mara kwa mara lakini mmea huu hustahimili na kuchumwa mwaka mzima. Kichangamshi chake kikuu, kathinoni, huanza kupungua nguvu mara jani likichumwa, na baada ya siku mbili hivi jani limebaki kama majani mengine tu. Ndiyo maana magari yanayoubeba huenda mbio usiku kucha. Ukichumwa Mbeere leo, kesho asubuhi uko Mombasa, na kabla ya adhuhuri uko Mariakani, Bamba na Ganze, mahali ambapo dawa za zahanati huchelewa kwa wiki nzima. Miraa ya Meru ni ghali. Muguka ni wa mtu wa kibarua: kifuko kimoja, njugu za kuondoa ukakasi, chingamu ya kulainisha, na jioni imepatikana.

Halafu hauna harufu ya kumshtaki mtu, haumfanyi apepesuke, hauna saa wala mahali. Huliwa juu ya pikipiki, dukani, kwenye kivuli cha shule. Huliwa na kina mama pia, hasa wasichana waliozaa mapema na sasa wanauuza kwenye vimeza vya mbao ili wapate unga. Kwenye disco matanga, ngoma zile za kukesha msibani ambazo serikali imezipiga marufuku mara nyingi, mwenye meza ya muguka ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na watoto wa kijiji wako pale hadi alfajiri. Mtoto atasomaje mpaka kutoka kitu kisicho na mpaka?

Mei 2024 suala hili lilifika juu kabisa. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku kuingiza na kuuza muguka katika kaunti yake. Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata, na Taita Taveta nayo vivyo hivyo. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa vijana na watoto. Siku chache baadaye, baada ya kukutana na viongozi wa Embu, Rais William Ruto alitangaza kwamba marufuku hizo ni batili, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikazisimamisha. Na upande wa Embu sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa ile ile: watoto. Muguka ndio karo, ndio sare, ndio bima ya hospitali.

Nimezifikiria sana hoja hizo mbili, na naona zote mbili ni za kweli. Mama wa Mbeere anayechuma kwa vidole na kuuza kila wiki hana zao jingine litakalompa pesa taslimu katika ardhi ile, na ni haki yake kuuliza atakula nini tukiling'oa. Wale wa Meru wanakumbuka vizuri Uholanzi ilipoifungia miraa mlango mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014. Baraza la wataalamu la serikali ya Uingereza lilikuwa limeshauri miraa isipigwe marufuku, na ikapigwa. Shirika la Afya Duniani nalo, kamati yake ilipouchunguza mmea huu mwaka 2006, lilisema uwezo wake wa kumtia mtu utumwani ni mdogo na halikupendekeza uwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Anayesema muguka ni sawa na heroini hasemi kweli, na mtoto akija kugundua kwamba alidanganywa kuhusu muguka, hataamini atakapoambiwa ukweli kuhusu heroini.

Lakini kamati ile ilikuwa ikipima mmea na mwili wa anayeutumia. Mimi nazungumzia nyumba. Muguka hukata njaa na kufukuza usingizi. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu dereva wa lori na mlinzi wa usiku huupenda. Sasa mchukue baba wa watoto wanne aliyeanza kutafuna saa tisa alasiri. Saa mbili usiku haoni haraka ya sima, kwa sababu tumbo lake halimwambii kitu. Watoto wamekaa jikoni wakitazama sufuria tupu, naye anazungumza kwa furaha, mawazo yanamjia, anapanga kununua ng'ombe, kujenga, kuhamia mjini. Hawachukii watoto wake. Amesahau tu kwamba kuna njaa duniani. Usiku wa manane bado yuko macho. Asubuhi handasi, ule uchangamfu wa muguka, imekwisha, mwili mzito, roho fupi, na hiyo ndiyo saa mtoto anayosimama mlangoni kuomba pesa ya daftari. Kina mama wa kwetu wameshajifunza: asubuhi usimuombe kitu. Lakini mtoto wa darasa la tatu hajui, anaomba, anafokewa, na anaondoka akiamini kosa ni lake.

Hesabu ya pesa nayo haihitaji mtaalamu. Kifuko kimoja cha shilingi 50 kila siku, kwa siku 29, ni shilingi 1,450. Serikali hupeleka shule ya msingi ya umma shilingi 1,420 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Nayarudia maneno hayo: mwaka mzima. Na mtu anayetafuna kifuko kimoja tu kwa siku kwetu huhesabiwa kuwa ndiyo kwanza anajifunza.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliwahesabu Wakenya 964,737 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanaotafuna miraa na muguka, sawa na mtu mmoja katika kila 28. Pombe ina wengi zaidi, zaidi ya milioni tatu. Lakini idadi iliyonikaa kichwani ni nyingine. Utafiti huo uliuliza pia watu walianza wakiwa na umri gani, na umri mdogo kabisa uliotajwa kwa tumbaku ulikuwa miaka sita, kwa pombe saba, kwa bangi minane, kwa miraa tisa. Kwa heroini ulikuwa miaka kumi na minane.

Tofauti hiyo inasema jambo moja. Heroini huanza mtu akishatoka nje ya nyumba. Hivi vingine huanzia mle mle alimo: kwenye mtungi wa nyanya, kwenye mfuko wa shati la baba, kwenye safari ya dukani. Mtoto wa miaka tisa hana pesa, hana usiku wake, hana genge. Ana watu wazima wanaomtuma.

Shuleni tunafundisha kinyume. Picha ya ukutani ya kuonya dhidi ya dawa za kulevya huwa na sindano, kijiko na unga mweupe, na mgeni anayealikwa kuzungumza siku ya mkutano husimulia ya Mombasa na Malindi. Ni kweli tupu, pwani yetu imezika vijana wengi kwa sababu ya unga. Lakini mtoto wa Ganze anakaa pale akisikiliza, anaangalia sindano, na anahitimisha kwa akili timamu kwamba dawa za kulevya ni vitu vya mjini. Jani analolijua yeye halimo kwenye picha. Mwalimu mwenyewe analo shavuni.

Sheria nayo haimsaidii kuelewa. Akivuka kutoka Taveta kuingia Holili, mmea ule ule unaoitwa zao la biashara huku unaitwa mirungi kule, na kukutwa nao ni kosa la jinai. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015 haina mchezo nao, na mashamba ya Milima ya Pare wilayani Same yameng'olewa zaidi ya mara moja. Hapa kwetu, Sheria ya Vileo ya 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18, na inakataza baa kufunguliwa ndani ya mita 300 kutoka shule. Mangwe ya mnazi imo ndani ya sheria hiyo. Meza ya muguka iko mkabala na lango la shule, na chifu anapita kila siku akijibu salamu. Tangu Sheria ya Watoto ya 2001 imeandikwa kwamba mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya vileo na dawa zinazovuruga akili, na pia dhidi ya kutumiwa katika kuzitengeneza na kuzisambaza. Kusambaza. Mvulana wa mwembeni alikuwa akifanya nini basi?

Nasikia tayari jibu la wanaume wa mwembeni: ni kutumwa tu. Ndiyo, ni kutumwa tu, na nguvu yake iko hapo hapo. Kila safari inamfundisha mtoto bei, inamfundisha muuzaji yupi ana majani mazuri, inamzoesha mkono wake, pua yake, na siku moja ulimi wake. Zaidi ya hayo inampa sifa. Anapongezwa kwa kuleta muguka kwa sauti ile ile anayopongezwa kwayo akileta maji kwa mgonjwa. Tukimwambia baadaye, akiwa na miaka 14 na ameacha shule kuendesha bodaboda ya mtu huku shavu limejaa, kwamba jambo hili ni baya, atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Tulimwombea Mungu amkuze.

Kuna mama mmoja mwenye duka dogo njia ya kwenda mtoni, sitamtaja jina. Anauza muguka; mume alimwacha na watoto sita, na haombi radhi kwa yeyote. Siku moja nilimkuta na msichana mdogo aliyetumwa, amenyoosha noti yake. Mama yule aliitazama noti, akamtazama mtoto, akasema, "Mwambie baba aje mwenyewe. Wewe nikupe chumvi, nikupe sabuni. Hii aje mwenyewe." Mtoto akaondoka. Dakika chache baadaye baba alifika kwa hasira, akamwuliza kama pesa yake ina ukoma. Akajibiwa kwa upole kwamba pesa haina neno, ni miguu ndiyo iliyokosewa. Alinunua, akaenda. Nilimuuliza mama yule kama hapotezi wateja. Akasema wengine wamehamia meza ya ng'ambo, wengine wamezoea sasa wanakuja wenyewe, na mmoja alimwambia kwamba tangu alazimike kutembea mwenyewe, siku nyingine huona uvivu akalala.

Mama huyo hakungoja gavana wala rais wala mahakama. Wakubwa waendelee kuvutana, na ningependa wavutane mpaka wapate jibu la haki: umri wa mnunuzi uandikwe waziwazi na usimamiwe, meza ziondolewe penye malango ya shule, na mkulima wa Mbeere asiachwe mikono mitupu. Jibu hilo litachukua miaka. Watoto wa mwembeni watakuwa wamekwisha kukua. Lakini mila ya kutumwa haikuandikwa Nairobi. Iko mikononi mwetu, na wazee wetu waliiwekea masharti tangu zamani: mtoto hatumwi makaburini usiku, hatumwi kudai deni, hatumwi kwenye nyumba yenye ugomvi. Kuongeza sharti moja si kuvunja mila. Mzee wa mtaa anaweza kulitamka barazani, imamu na mchungaji wanaweza kulitamka, kina mama wenye vimeza wanaweza kukubaliana katika chama chao kwamba mtoto akija arudishwe. Haigharimu shilingi.

Kwa baba anayetafuna, na kwa mama pia, nina neno la wazi. Sikuandika ili uache. Hilo ni lako na mwili wako, ingawa ningefurahi. Mtoto wako anajua. Alijua kabla hujajua kwamba anajua. Usimwambie kwamba ni dawa ya meno, wala kwamba ni mboga ya wakubwa, kwa sababu kila mtoto wa miaka tisa anataka kuwa mkubwa. Mwambie kweli yake: kwamba hili jani humtoa mtu njaa na usingizi, kwamba pesa yake hutoka kwenye sufuria ile ile ya nyumbani, kwamba ulianza lini na kwa nini, na kwamba asubuhi unapofoka si yeye aliyekosa. Ni maneno mazito kwa mzazi kumwambia mtoto, na si wengi kati yetu waliowahi kuambiwa hivyo na baba zetu. Mimi sikuambiwa. Babu alikufa bila kunieleza kwa nini mkono wake ulitetemeka asubuhi mpaka apate kibuyu cha kwanza, na nilidhani ni uzee.

Kisha, kesho saa kumi, mtoto wa jirani akipita na mfuko wake wa daftari, mwache apite afike kwao. Ukitaka muguka, inuka ukanunue mwenyewe.